Shangazi wa Kiwanda cha Rangi

Jumatatu, mvua zikianza

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua umeninunia, na haki unayo. Nimechelewa kukuandikia mpaka mtoto uliyekuwa ukingoja habari za kuzaliwa kwake ameshaota jino. Nikikaa nishike kalamu, analia. Akinyamaza, nalala pale pale nilipo, hata kama nilipo ni juu ya marobota ya vitambaa. Juzi nililala nimesimama, nakamua. Nyapara wetu akanigusa bega, "Mama Kidonge, hicho kitambaa umekikamua mpaka kimeomba msamaha."

Ndiyo, tunamwita Kidonge. Ni wa kike, mdogo, wa mviringo, na mchungu akiamshwa.

Nimerudi kazini. Kiwanda chetu kiko mwisho wa mtaa, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Kuna tangi moja kubwa la shaba juu ya tanuri, na mabomba yanashuka kutoka hapo mpaka kwenye mapipa yetu. Pipa langu ni la mwisho, karibu na mlango wa nyuma unaotazama msitu. Mikono yangu ni buluu mpaka viwikoni. Kidonge anadhani mama wote duniani ni buluu. Baba yake yuko njiani na punda wake, anapeleka vitambaa huko mjini kwenu. Ndiye atakayekupa barua hii. Mlishe vizuri, lakini asikudanganye kwamba huku hapewi chakula.

Usinihurumie sana. Nimepata msaidizi. Tunamwita Shangazi, kwa sababu alikuja bila kualikwa, akakaa, akatutazama wote kama tuliokosea jambo, kisha akamchukua mtoto. Si mtu wa maneno. Ila mikono yake ni mikubwa na ya moto, na Kidonge akiwekwa pale anazimika kama taa. Nilimwonyesha mara moja tu namna ya kumpigapiga mgongoni, akashika. Tatizo ni moja: siku hizi anachechemea mguu wa kushoto, na nikiuangalia sioni kidonda wala uvimbe.

Naomba unitumie sabuni isiyowasha, pini za nepi, kofia ya mtoto, na dawa ya mguu.

Je, bado mnawawinda mazimwi? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Domo

*

Alhamisi, mvua kubwa

Domo,

Marahaba. Sikununa. Nilinuna kidogo tu, na nilipofika kwenye kile kitambaa kilichoomba msamaha nikacheka mpaka wawindaji wangu wakadhani nimepewa habari za cheo.

Shemeji nimemlisha. Anakula kama punda wake.

Sasa nieleze. Baba yetu hakuwa na dada, wala baba wa Kidonge hana dada. Huyo Shangazi mmemtoa wapi? Nilimuuliza mumeo, akaanza kukohoa. Nikamuuliza tena, akasema anakwenda kuwatazama punda. Mimi nimefanya kazi ya kufuatilia nyayo maisha yangu yote, mdogo wangu. Mtu akinificha jambo nalinusa.

Unauliza kama bado tunawinda. Tunawinda kuliko zamani. Kambi yetu iko nyuma ya soko, na katikati ya uwanja kuna kizimba chenye zimwi tulilolinasa hai. Lilikanyaga mtego, meno yakalishika mguu wa kushoto. Kubwa kama ng'ombe aliyesimama wima, manyoya ya kijivu, na lina tabia iliyowatoa watu usingizi. Linakaa, linakunja mikono kana kwamba limebeba kitu, halafu linapiga hewa kwa kiganja. Pa-pa, kimya, pa. Pa-pa, kimya, pa. Na si hilo peke yake. Wapelelezi wangu wa mabonde yote wanaleta habari ile ile: mazimwi yote, wakati mmoja, yanapiga vifua vyao, yanapiga miti, mapigo hayo hayo. Mara nyingine yanaanza kulia yote kwa pamoja, sauti kali, ya kupanda. Watu wanajificha chini ya vitanda.

Mkuu wa mji anasema hiyo ni ngoma ya vita. Ameamua kwamba nyasi zikikauka, mapango yote ya mlimani kwenu yachomwe moto, na yaliyomo yafie humo. Kazi hiyo nimekabidhiwa mimi. Kwa hiyo ukiona vitu vya ajabu upande wa msitu, funga mlango.

Nimekutumia sabuni. Pini za nepi sikuzijua, nimeweka misumari midogo. Kofia ya mtoto sokoni haipo, nimetuma ya chuma, atakua. Dawa ya mguu nitaituma nikijua ni mguu wa nani.

Kaka yako

*

Jumapili, mvua zikipungua

Kaka,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Basi.

Shangazi ni zimwi.

Usiruke. Soma mpaka mwisho, kama mama alivyokuwa akisema ukitaka kukimbia kabla hajamaliza kukugombeza.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Tulikuwa tumefungua mlango wa nyuma mvuke utoke. Kidonge alikuwa ndani ya kapu la vitambaa vikavu, ana msokoto wa tumbo, analia tangu alfajiri, na mimi mikono iko ndani ya pipa siwezi kuitoa, rangi ingeharibika. Mlango ukaingia giza. Kuangalia hivi, zimwi limeinama linapita. Wenzangu wote wakapanda juu ya marobota. Nyapara, yule mwenye maneno, alipanda wa kwanza. Nami sikuwa na nguvu ya kukimbia, kaka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hofu ilinipita ikaenda kwa wengine. Nilipoona anainama kwenye kapu nikapiga ukelele, "Wewe! Umenawa mikono?"

Akasimama. Akaiangalia mikono yake. Akaja kwenye pipa langu, akatumbukiza mmoja, akautoa, akausugua kwenye manyoya. Ndiyo maana mkono wake mmoja ni buluu mpaka leo. Kisha akamtoa Kidonge kwenye kapu, taratibu kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri, akamlaza kifuani. Mtoto akalia zaidi. Akanitazama. Kaka, nayajua macho ya mtu aliyeshikishwa mtoto anayelia asijue la kufanya, hata wewe ulikuwa nayo nilipokuwa mdogo. Nikamwonyesha kwa mkono wangu wenye rangi, hewani. Pa-pa, kimya, pa.

Sasa rudia kusoma barua yako mwenyewe.

Hukuyatambua? Ndivyo mama alivyotulaza mimi na wewe. Hiyo si ngoma ya vita. Anayepigwapigwa mgongoni ni Kidonge. Shangazi anapombembeleza huku kwenye pipa la mwisho, mazimwi wa milima yote wanambembeleza pamoja naye, hata huyo wako kizimbani mwenye mikono mitupu. Na ile sauti kali ya kupanda ni Kidonge pia, akilia, nao wanalia naye kwa kutojua wafanye nini kingine. Mji mzima umejificha chini ya vitanda kwa sababu ya msokoto wa tumbo la mpwa wako.

Nimekaa nikafikiri, nikaona ni kama tangi letu. Ukimimina rangi kwenye tangi, mabomba yote yanatoa buluu. Hawa miili ni mingi, lakini tangi ni moja. Wako ameumia mguu wa kushoto, wangu anachechemea.

Kuna jingine, na sikutaka kuliandika. Ile picha yako ya mkaa iliyochorwa ulipopata cheo nimeitundika juu ya kapu. Shangazi alipoiona, alijishika ubavu. Halafu shingo. Halafu bega la kulia. Nilimpapasa manyoya kote, hana kovu hata moja. Lakini kila siku anapita chini ya picha hiyo kwenda kumbeba mpwa wako, wewe uliyechorwa humo.

Sikuandikii ulie. Nakuandikia uache. Usichome mapango.

Domo

*

Jumanne

Mdogo wangu,

Mchukue mtoto mtoke humo leo. Usifunge mizigo. Usimuage huyo unayemwita Shangazi.

Nimeona linachofanya zimwi likiamka na njaa. Wewe hujaona. Mama mchovu anaweza kuona wema hata kwenye ukuta, wala sikulaumu kwa hilo. Mapigo yanaweza kufanana tu. Mguu pia. Nikimwambia mkuu wa mji kwamba tunasitisha vita kwa sababu ya tumbo la mtoto, atanivua mkanda mbele ya watu wangu.

Nyasi zinakauka. Nakuja na watu na mienge. Nikifika nisikukute.

Kaka

*

Ijumaa, jua limetoka

Kaka,

Sitoki.

Nimeisoma barua yako mbele ya wenzangu wote wa mapipa. Nyapara amesema nikuandikie kwamba akiondoka Shangazi, nani atabeba marobota ya juu? Hayo ni yake. Yangu ni haya.

Huniamini kwa sababu nimechoka. Ni kweli nimechoka. Lakini uchovu haujanipofusha, umeniondolea muda wa kujidanganya tu. Mtu anayekuangalizia mtoto unamjua kwa kumwona akishika mtoto, si kwa hadithi alizosimuliwa mtu mwingine. Wewe umewaona mazimwi wakiwa wanakukimbia au wanakushambulia. Umewahi kumwona mmoja akiwa amekaa tu?

Basi tufanye hivi. Kuanzia siku atakapofika baba Kidonge huko na barua hii, kila siku kengele yetu ya chakula cha mchana ikilia, nitamfundisha Shangazi kitu kimoja. Simwambii mtu, na wewe sikuandikii ni nini, maana ukishaambiwa utasema umeona ulichotaka kuona. Ni kitu chetu, mimi na wewe, cha njia ya kisimani. Hakuna mwingine aliye hai anayekijua. Wewe kaa mbele ya kizimba mchana tu, utazame.

Usipokiona, njoo na mienge yako, utanikuta mlangoni na mtoto mgongoni, utanipita ukiweza. Ukikiona, unajua la kufanya.

Misumari imefika. Asante. Tumetundikia vitambaa.

Domo

*

Jumatano, kiangazi

Domo,

Nianze na siku ya kwanza. Nilikaa mbele ya kizimba mchana nikiwa na barua yako mfukoni na hasira zangu mkononi. Hakuna kitu. Limekaa, linakuna mguu. Siku ya pili, limelala. Nikasema, haya, imekwisha.

Siku ya tatu ndiyo mkuu wa mji alikuja kukagua mienge. Wawindaji wote wamejipanga uwanjani, mafuta yamenukia mpaka sokoni. Mkuu anahutubia. Mimi nimesimama, kizimba kiko nyuma yangu. Ghafla naona watu hawamtazami tena mkuu, wanatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mzima. Amevimbisha mashavu. Uso ameugeuzia pembeni kama asiyetaka kitu kwa mtu. Na kwa ngumi zote mbili anajigonga mabega. Mara mbili. Anangoja. Mara mbili tena.

Mkuu wa mji akasema, "Linatutukana?"

Nikasema, "Hapana, mheshimiwa."

"Linatisha?"

"Hapana. Anataka kubebwa."

"Anataka nini?"

"Kubebwa mgongoni, mheshimiwa. Amechoka na hataki kusema kwamba amechoka."

Watu walicheka, Domo. Nilikuona wewe kabisa, na ndoo yako ndogo, katikati ya njia ya kisimani, umevimba mashavu, unajigonga mabega, unatazama miti ili nisijue unaniomba. Sijawahi kumsimulia mtu.

Nikafanya nilichokuwa nikifanya. Nilimpa mgongo, nikachuchumaa pale kwenye vumbi mbele ya watu wangu na mienge yao. Mwindaji wangu mmoja akaninong'oneza, "Mkubwa, umeligeuzia mgongo." Nikamwambia najua. Nilisikia pumzi yake shingoni. Nilipogeuka, naye amenipa mgongo, amechuchumaa vile vile, na mguu wake mbovu ameunyoosha pembeni.

Mkuu wa mji angeweza kusema ni kichaa chetu sisi wawili. Lakini jioni wapelelezi wakaanza kurudi, kutoka kila bonde, wanahema. Wote habari moja. Mchana ule, mazimwi yote, mlimani, msituni, mtoni, yaliugeuzia mji migongo, yakachuchumaa. Mkuu alimsikiliza wa mwisho, akasema, "Jeshi linalotaka vita halikai hivyo." Akaagiza mafuta yarudishwe dukani. Mapango hayachomwi.

Mtego nilikuwa nimeutoa zamani, lakini sasa nimefungua na mlango wa kizimba. Hajatoka. Anangoja mguu upone. Wale watoto wa sokoni wameanza kumletea mikate, na mama zao wanawavuta masikio, lakini si kwa nguvu kama zamani.

Ubavu, shingo, bega la kulia. Nayakumbuka majeraha yote matatu niliyoyatia, kila moja na mahali pake. Sijui mtu anawaombaje radhi wote kwa mmoja. Labda wewe unajua.

Nieleze, huko kulitokea nini mchana ule?

Kaka yako

*

Jumamosi, kiangazi

Kaka yangu,

Barua yako imenikuta najua tayari. Usijisikie vibaya, niliisoma yote, mara nyingi, na nyapara ameniomba nimsomee tena kile kipande cha "anataka kubebwa".

Siku mbili za kwanza Shangazi hakunielewa. Nilijigonga mabega mpaka yakauma, yeye ananitazama kama nina chawa. Siku ya tatu akafanya. Kengele ilikuwa bado inalia. Nikasema moyoni, haya, imetoka, sasa ni juu ya kaka. Nikarudi kwenye pipa, nikaanza kukamua.

Mara nasikia nyapara anasema, "Mama Kidonge, tazama mgeni wako."

Shangazi alikuwa amemweka Kidonge kwenye kapu. Alikuja mpaka pipani kwangu, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa, mguu wa kushoto ameunyoosha pembeni. Ule ulikuwa mchuchumao wako, kaka. Zimwi hajui kuweka mikono nyuma namna ile, kiganja juu ya kiganja, na kidole gumba kimejificha. Ni wewe uliyekuwa ukikificha kidole kwa sababu nilikuwa nakikanyaga nikipanda.

Ndipo nilipojua kwamba hakuna atakayechoma kitu.

Nikapanda. Ndiyo, mbele ya kiwanda kizima, na mikono yangu inadondosha buluu kwenye manyoya yake. Alisimama taratibu. Huko juu kuna joto, na kunanuka kama blanketi lililoanikwa. Akaanza kutembea kati ya mapipa akichechemea. Nasikia nyapara anawaambia wenzangu, "Nyie, pokezaneni pipa lake." Basi. Zaidi ya hapo sikumbuki, maana nililala. Nililala usingizi mzima, wa kwanza tangu Kidonge azaliwe. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka, vitambaa vyangu vimeanikwa, mtoto ameshalishwa maziwa ya kikombe, na baba yake amerudi na punda, amesimama mlangoni, kofia mkononi, anamnong'oneza Shangazi, "Bado amelala? Basi zunguka tena."

Huyu ndiye yule yule ambaye alipomwona mara ya kwanza alipanda juu ya marobota asishuke mpaka chai ikachemka.

Unauliza mtu anawaombaje radhi wote kwa mmoja. Sijui maneno yake. Ila juzi nilitaka kuishusha picha yako, nikidhani inamuumiza. Shangazi aliirudisha. Aliitundika upande, ameipinda, lakini aliirudisha mwenyewe. Akajishika ubavu kidogo, halafu akagusa mabega yake, mara mbili. Mengine yatafute huko kwako, uso kwa uso. Hilo siwezi kukufanyia.

Mguu wa Shangazi unaendelea kuchechemea, lakini tumbo la Kidonge limetulia, na rangi ya msimu huu imekubali vizuri sana. Ukija utanikuta sijambo.

Vitu ambavyo bado sijavipata, na safari hii soma vizuri:

Pini za nepi. Si misumari. Muulize mwanamke yeyote hapo sokoni, atakuonyesha.

Kofia ya mtoto, ya kitambaa. Ile ya chuma tunachotea maji.

Sabuni nyingine, vipande vikubwa. Ya kwanza ameimaliza Shangazi. Siku hizi hamgusi mtoto kabla ya kunawa, na ananawa mpaka mabegani.

Blanketi moja pana. Pana kweli kweli. Baridi ikianza nitaona aibu kujifunika peke yangu.

Dawa ya mguu, usiitume. Mpake huyo wako, asubuhi na jioni, taratibu, kama unavyompaka mtu. Huku atapona.

Na ukimaliza kumpaka, usiondoke hapo hapo. Kaa kidogo. Mpigepige mgongoni, pa-pa, kimya, pa. Hiyo haihitaji punda. Shangazi atakuwa amekaa nyuma yangu pale pipani, nitaipata.

Mdogo wako,
Domo